Wasomaji Wanauliza: Wachungaji Wanatafuta Nini Katika Mahakama ya Juu ya Marekani?

Katika toleo lililopita tulidokeza, kwa aya moja tu, kwamba wapo Wakristo nchini Marekani wanaotaka Mahakama ya Juu ya nchi yao ifanyiwe mageuzi: majaji wawekewe ukomo wa miaka ya utumishi, wabanwe na kanuni za maadili zenye meno, na wengine wanataka hata idadi yao iongezwe. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala iliyoibeba. Nimechagua saba na kuzifupisha bila kugusa hoja zake.

Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Miaka yote tumesikia kwamba Wakristo wa Marekani ndio walioipigania mahakama hiyo mpaka ikaelemea upande wao. Hawa wanaotaka kuibadilisha ni Wakristo gani tena, na mchungaji anatafuta nini mahakamani?
*Mzee wa Kanisa, Mbeya*

Amina, mzee wangu. Tatizo liko katika hilo neno "Wakristo wa Marekani", ambalo sisi huku tumelizoea kwa maana ya wahubiri tunaowaona kwenye televisheni. Wapo wengine. Wanajiita Wakristo wa kimaendeleo, na utawakuta katika makanisa makongwe ya Kiprotestanti kama vile Waepiskopali (ndio Waanglikana wa huko), Wapresibiteri, Walutheri wa ELCA (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani) na United Church of Christ, katika sehemu kubwa ya makanisa ya Wamarekani weusi, na miongoni mwa Wakatoliki wanaolishika zaidi fundisho la Kanisa juu ya haki za kijamii. Hawana askofu mmoja wala baraza moja, na kuhusu mahakama hawana kauli moja. Wanachoshirikiana ni imani kwamba injili ina neno la kusema juu ya mshahara, kura, gereza na matibabu, na kwamba taasisi inayoamua mambo hayo haiwezi kuwekwa nje ya macho ya kanisa.

Hili halikuanza jana. Mwaka 1908 makanisa ya Kiprotestanti yaliunda Baraza la Shirikisho la Makanisa, na mwaka huo huo yakatoa tamko la kijamii lililodai, pamoja na mengine, kukomeshwa kwa ajira ya watoto na kupunguzwa kwa saa za kazi. Mahakama ya Juu ya wakati huo ilikuwa ukuta mbele yao. Mwaka 1905 ilikuwa imekwisha kufuta sheria ya jimbo la New York iliyozuia wafanyakazi wa viwanda vya mikate wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki, kwa hoja kwamba sheria hiyo inaingilia uhuru wa mtu kufanya mkataba. Mwaka 1918, kwa kura tano dhidi ya nne, ikafuta sheria ya Bunge iliyopiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo bidhaa zilizotengenezwa kwa jasho la watoto wadogo. Kesi hiyo ya pili hainitoki akilini. Aliyekwenda mahakamani alikuwa baba wa North Carolina ambaye hakuwa akiomba wanawe wawili waokolewe na kiwanda cha pamba, bali waruhusiwe kuendelea kufanya kazi humo, na mahakama ikampa ushindi. Mchungaji aliyekuwa akizika watoto wa mitaa ya viwanda hakuhitaji shahada ya sheria kuona kwamba majaji watano wanaweza kufuta kwa asubuhi moja kile ambacho makanisa yamekihubiri kwa miaka kumi.

Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1954 mahakama hiyo hiyo ilitangaza kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na mzazi ambaye jina lake limebebwa na kesi hiyo, Oliver Brown wa Topeka, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na pia mchungaji msaidizi katika kanisa la AME, yaani la Wamethodisti weusi. Kuanzia hapo, kwa takriban miaka 50, Wakristo wa kimaendeleo waliiona mahakama kama kimbilio, na waliopiga kelele za kutaka ibanwe ni wahafidhina, hasa baada ya mwaka 1962 ilipozuia sala rasmi katika shule za serikali. Nakutajia hili, mzee wangu, ili ujue tangu mapema kwamba katika ugomvi huu kila upande umewahi kukaa kwenye kiti cha mwenzake.

Ndugu Mhariri, kanisa letu la Waswahili linaabudu mchana katika jengo la Walutheri wenyeji, na ubaoni kwao kuna tangazo la semina kuhusu "kuirekebisha Mahakama". Vijana wetu wamehudhuria na wamerudi wamewaka. Niambieni ukweli: si ni hasira ya hukumu ya utoaji mimba tu, imevishwa kanzu ya kichungaji?
*Mama wa Vijana, Minneapolis*

Mama, swali lako ni la haki na nitalijibu bila kuzunguka. Hasira hiyo imo. Tarehe 24 Juni 2022 mahakama ilipotengua hukumu ya mwaka 1973 iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba, watu wengi ambao hawakuwahi kufikiria muundo wa mahakama walianza kuufikiria siku hiyo. Angesema uongo anayekana hilo. Lakini katika suala lenyewe la mimba, Wakristo wa kimaendeleo hawako pamoja. Wamo wanaoamini kwamba mtoto aliye tumboni ni uhai wa kulindwa, na hata hivyo wanataka mageuzi ya mahakama. Kwa hiyo lazima kuwe na jambo lingine.

Jambo hilo lina picha. Jaji Antonin Scalia alipofariki tarehe 13 Februari 2016, kiti chake na sehemu ya meza iliyo mbele yake vilifunikwa kitambaa cheusi, kama ilivyo desturi ya mahakama hiyo. Rais Barack Obama alimteua Merrick Garland mwezi uliofuata. Viongozi wa Seneti, nyumba ya Bunge ambayo ni lazima imwidhinishe kila jaji, wakasema huu ni mwaka wa uchaguzi, wananchi wasubiriwe waseme, na hawakumpa hata kikao cha kumhoji. Kiti kikakaa wazi kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi rais mpya alipokijaza. Sasa sogea miaka minne. Jaji Ruth Bader Ginsburg alifariki tarehe 18 Septemba 2020, na mrithi wake, Amy Coney Barrett, akapitishwa tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya uchaguzi, mamilioni ya watu wakiwa wamekwisha kupiga kura za mapema. Seneti iliongozwa na chama kile kile, Republican, na kiongozi yule yule.

Ukitaka kuelewa kwa nini mchungaji anapandwa na jazba hapa, fungua Kumbukumbu la Torati 25, kuanzia mstari wa 13. Torati inakataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Mwanamke yeyote aliyewahi kununua mchele sokoni analifahamu andiko hilo bila mhubiri: jiwe moja la kununulia, jingine la kuuzia. Hoja ya Wakristo hawa ni kwamba Seneti ilitoa mfukoni jiwe kubwa mwaka 2016 na jiwe dogo mwaka 2020, na kwamba mahakama iliyojazwa kwa mizani ya namna hiyo inabeba doa ambalo halifutiki kwa majaji kuwa watu wasomi na wema, hata kama ni kweli kwamba ni wasomi na wema.

Ongeza hukumu zenyewe. Mwaka 2010 mahakama ilifungulia makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila kikomo katika matangazo ya uchaguzi. Mwaka 2013 ililegeza kiungo muhimu cha Sheria ya Haki ya Kura ya mwaka 1965, ile iliyopatikana baada ya waumini kupigwa marungu katika daraja la Selma, Alabama, wakiandamana kudai haki ya kupiga kura, ikayatoa majimbo yenye historia ya ubaguzi chini ya wajibu wa kuomba kibali kabla ya kubadili taratibu za kura. Kwa makanisa ya watu weusi hilo la pili liliuma kuliko yote. Raphael Warnock, mchungaji wa kanisa la Ebenezer kule Atlanta alikohubiri Martin Luther King na ambaye leo ni seneta, hupenda kusema kwamba kura ni aina ya sala. Mtu mwenye imani hiyo akiona kura imezibwa, haoni tatizo la kiutaratibu tu.

Kwa hiyo waache vijana wako wahudhurie, Mama, ila waulizeni wanaporudi: je, mngedai mageuzi haya haya kama mahakama ingekuwa inahukumu mnavyopenda? Wakisita kujibu, hapo ndipo mazungumzo yenu ya jioni yanapoanzia.

Mwalimu, hujambo. Kwetu Kenya jaji anastaafu akifika miaka 70, na Jaji Mkuu hakai zaidi ya miaka kumi katika cheo hicho. Nashangaa taifa linalotufundisha utawala bora halina kikomo chochote. Je, hao Wakristo wana hoja ya kiimani juu ya ukomo, au wanaazima tu hoja za wanasiasa?
*Wakili Kijana, Nairobi*

Sijambo, wakili. Ni kweli, na hata Tanzania jaji wa Mahakama ya Rufani hustaafu akitimiza miaka 65. Nawe utakumbuka jinsi majaji wenu wa juu walivyovutana hadi mwaka 2016 kuhusu kama ukomo wao ni miaka 70 au 74, kwa hiyo hata penye kikomo kiti kina utamu wake. Marekani nako si nchi nzima iliyo hivyo. Kati ya majimbo 50, ni Rhode Island pekee ambayo majaji wa mahakama yake ya juu hukaa maisha yao yote bila ukomo wa miaka wala umri wa kustaafu. Wamarekani wenyewe, walipoandika katiba za nyumbani kwao, hawakuuiga mfano wa Washington.

Katiba ya mwaka 1787 inasema majaji watashika nafasi zao muda wote wa mwenendo mwema. Kusudi lilikuwa zuri: jaji asiyeogopa kufukuzwa atamhukumu mkubwa kama mdogo. Walioandika hawakuona mbali kiasi cha kujua kwamba mtu angeweza kuteuliwa akiwa na miaka 43, kama Clarence Thomas mwaka 1991, akakaa kwa zaidi ya miaka 30. Mpaka mwaka 1970 jaji alidumu kwa wastani wa miaka 15 hivi. Walioondoka baada ya hapo wamedumu kwa wastani wa miaka ipatayo 26. Maana yake ni kwamba marais wanatafuta vijana, na kifo cha mzee mmoja kinakuwa bahati nasibu ya taifa. Jimmy Carter, mwalimu wa shule ya Jumapili wa Kibaptisti kutoka Plains, Georgia, alitawala miaka minne bila kupata hata nafasi moja ya kuteua. Donald Trump, katika miaka yake minne ya kwanza, alipata tatu.

Sasa hoja ya kiimani. Andiko ninalolipenda katika mjadala huu ni lile ambalo halihubiriwi kabisa, Hesabu 8, mistari ya mwisho mwisho. Walawi waliohudumu katika hema ya kukutania waliagizwa waache kazi wakifikisha miaka 50. Hawakufukuzwa; waliruhusiwa kuendelea kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi, ila utumishi wenyewe waliuacha. Tazama sasa pendekezo linalozungumzwa sana Marekani, ambalo Rais Joe Biden alilitangaza tarehe 29 Julai 2024: kila baada ya miaka miwili rais anateua jaji mmoja, naye anakaa miaka 18. Majaji tisa mara miaka miwili ni 18, kwa hiyo kila muhula wa rais unapata wateule wawili, hakuna zaidi na hakuna pungufu. Katika baadhi ya miswada, jaji aliyemaliza anabaki kuwa jaji wa shirikisho na kwenda kusaidia mahakama za chini. Mtu aliyesoma habari za Walawi hawezi kukosa kutabasamu.

Sidai kwamba Musa alikuwa akiandika katiba ya Marekani. Ninachosema ni kwamba nyuma ya sheria ile kuna ufahamu kwamba kazi takatifu si mali ya anayeifanya. Mwanateolojia Reinhold Niebuhr, aliyeanzia uchungaji mitaa ya viwanda vya magari kule Detroit, alifundisha kizazi kizima cha Wakristo hawa kwamba fundisho la dhambi lina matokeo ya kisiasa: ikiwa kila mwanadamu ana kasoro, mwema naye akiwamo, basi hakuna wa kukabidhiwa mamlaka yasiyo na mwisho wala mwenzake wa kumzuia. Hapo ndipo nguvu ya hoja yao ilipo kwa maoni yangu, kwa sababu inamgusa jaji unayempenda sawasawa na usiyempenda.

Kuhusu utaratibu, wewe wakili utaliona shimo mara moja. Wengi wanaamini kwamba maneno "mwenendo mwema" hayawezi kupunguzwa na sheria ya kawaida, na marekebisho ya katiba yanahitaji theluthi mbili ya kila nyumba ya Bunge na kuridhiwa na majimbo 38. Wanaotaka njia ya mkato husema jaji akihamishiwa mahakama nyingine hajaondolewa kazini. Wanasheria wazuri wanagawanyika hapo, na sitajifanya mwamuzi wao.

Tumsifu Yesu Kristo. Nilisoma kwamba wapo wanaotaka majaji wawe 13. Je, kuna sababu ya kiroho ya namba hiyo?
*Katekista, Bukoba*

Milele amina. Hakuna, katekista. Namba 13 imetokana na hesabu ya mahakama za rufani za shirikisho, ambazo ni 13, na ilikuwamo katika muswada uliopelekwa Bungeni Aprili 2021, ambao haukufika popote.

Katiba haitaji idadi. Mahakama ilianza na majaji sita mwaka 1789, ikapanda hadi saba mwaka 1807, tisa mwaka 1837 na kumi mwaka 1863. Mwaka 1866 Bunge likaamua ishuke hadi saba ili kumnyima Rais Andrew Johnson nafasi za kuteua, na mwaka 1869 ikarudi tisa, ikabaki hapo. Kwa hiyo anayesema tisa ni namba takatifu anakosea. Lakini Franklin Roosevelt, mwaka 1937, akiwa ametoka kushinda uchaguzi kwa kishindo na chama chake kikiwa na wingi mkubwa Bungeni, alipotaka kuongeza majaji wengine wasiozidi sita juu ya wale tisa, Seneti ya chama chake mwenyewe ndiyo iliyomkatalia. Katikati ya vuta nikuvute hiyo, tarehe 29 Machi, mahakama ikakubali sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa wanawake, katika kesi ya Elsie Parrish, mtandika vitanda wa hoteli kule Wenatchee. Wengi hudhani majaji walitishika. Kumbe walikuwa wamekwisha kupiga kura yao ya ndani kabla mpango wa rais haujatangazwa.

Nitasema maoni yangu waziwazi. Hapa ndipo Wakristo wa kimaendeleo wanapokuwa dhaifu zaidi. Kuongeza majaji wanne ili kupindua wingi ni mbinu ya kisiasa, ambayo inaweza kuwa halali na pengine hata ya lazima, lakini mchungaji anayesimama madhabahuni akaisema kama agizo la Bwana anafanya kile kile anachowalaumu wenzake wa upande wa pili. Kesho chama kingine kitaongeza sita. Wale wenye busara kati yao wanalijua hili, na ndiyo maana utaona wanatumia nguvu nyingi kwenye ukomo na maadili, na suala la idadi wanalitaja kwa sauti ya chini.

Mwalimu, mimi ni Mkatoliki. Nikihesabu, majaji wengi wa mahakama hiyo ni wa Kanisa langu. Je, haya mageuzi si chuki ya zamani dhidi ya Wakatoliki?
*Msomaji, Bujumbura*

Umehesabu vizuri: sita kati ya tisa ni Wakatoliki, na wa saba, Neil Gorsuch, alilelewa katika Ukatoliki. Lakini katika hao sita yumo Sonia Sotomayor, ambaye mara nyingi ndiye mpinzani mkali kuliko wote wa maamuzi ya walio wengi, na Joe Biden, aliyependekeza mageuzi alipokuwa rais, ni Mkatoliki wa kila Jumapili. Chuki hiyo iliwahi kuwapo Marekani, tena kali, na anayesikia harufu yake mahali aseme. Katika hoja ya ukomo wa miaka 18 mimi siisikii.

Assalaam alaykum. Mimi si Mkristo ila nasoma safu hii kila mwezi. Nataka kujua kuhusu zawadi. Qadhi akipokea zawadi kwa mwenye kesi, kwetu hilo halina mjadala. Wao linawashinda nini?
*Msomaji wa Kibokoni, Mombasa*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na karibu sana. Jengo la mahakama hiyo, lililofunguliwa mwaka 1935, lina sanamu ya Musa upande wa mashariki, amekaa katikati na mbao za sheria mkononi; na ndani, katika nakshi ya watoa sheria wa historia, yumo hata Mtume Muhammad pamoja na Sulemani. Kwa hiyo wako mbele ya mashahidi wa kutosha.

Mwaka 2023 waandishi wa habari walifichua kwamba Jaji Clarence Thomas kwa miaka mingi alikuwa amesafirishwa na kukirimiwa na tajiri rafiki yake, Harlan Crow, kwa ndege binafsi na boti ya kifahari, bila kuziorodhesha safari hizo katika taarifa zake za kila mwaka. Yeye alieleza kwamba alishauriwa kuwa ukarimu wa marafiki wa karibu wasio na kesi mbele ya mahakama haukuhitaji kutajwa. Novemba 2023 majaji wote tisa wakatia saini kanuni za maadili, za kwanza kuandikwa katika historia ya mahakama hiyo. Ukizisoma utaona zimepangwa vizuri, mpaka utafute mahali panaposema nani atapokea malalamiko na nani atachunguza. Hapo hapapo. Kila jaji anajipima mwenyewe. Julai 2024 Jaji Elena Kagan alisema hadharani kwamba pangefaa kuwe na jopo la majaji wazoefu wa kusimamia kanuni hizo.

Kwa Wakristo hawa, hili ndilo suala rahisi kuliko yote, na ndilo linalowaunganisha hata na wahafidhina wengi. Kumbukumbu la Torati 16:19 linasema zawadi hupofusha macho ya wenye akili. Angalia kwamba haisemi macho ya wapumbavu. Yethro alipomshauri Musa kuchagua waamuzi, katika Kutoka 18, aliweka miongoni mwa sifa zao kuchukia mapato ya dhuluma. Na wana wa Samweli, waliolelewa katika nyumba ya nabii, walipopokea rushwa wakapotosha hukumu, wazee wa Israeli walikwenda kulalamika kwa baba yao na wakasikilizwa, ingawa dawa waliyoitaka, yaani mfalme, ilikuja kuwa na ugonjwa wake.

Umeuliza linawashinda nini. Njia pekee iliyoandikwa ni Bunge kumshtaki jaji na Seneti kumwondoa kwa theluthi mbili, na tangu Jaji Samuel Chase aliposhtakiwa mwaka 1804 na kuachiwa mwaka 1805, hakuna mwingine wa mahakama hiyo aliyefikishwa hapo. Abe Fortas alijiuzulu mwaka 1969 baada ya kujulikana kwamba alikubali malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kutoka taasisi ya mfanyabiashara aliyekuwa anachunguzwa. Alijiuzulu kwa aibu na kwa shinikizo, bila kanuni yoyote kumlazimisha.

Shikamoo Mwalimu. Je, yupo jaji wa mahakama hiyo aliyeondoka kwa hiari yake akiwa bado na nguvu, bila kungoja ukomo wa kutungiwa na watu?
*Mwanafunzi wa Theolojia, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Wapo kadhaa, nami nitakutajia mmoja. David Souter, Mwepiskopali wa New Hampshire, aliteuliwa mwaka 1990 na rais wa chama cha Republican, akaishia kuwavunja moyo waliomteua kwa sababu alihukumu alivyoona na si walivyotarajia. Hakuupenda mji wa Washington, na kila kikao cha mahakama kilipofungwa alirudi nyumbani kwake milimani. Mwaka 2009, akiwa na miaka 69, umri ambao kwa mahakama hiyo ni wa mtu anayeanza kuchanganya, aliandika barua ya kustaafu na kurudi katika nyumba ya shambani ya familia yake. Hakukaa humo muda mrefu. Alikuwa na vitabu vingi mno, sakafu ya nyumba ile ya zamani isingeweza kubeba uzito wake, ikambidi anunue nyumba nyingine katika mji wa jirani.